Kompyuta Iliyotoka Ofisini Inamfaa Zaidi Mwanafunzi

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, mzazi anayeingia Kariakoo kumtafutia mwanawe kompyuta mpakato huwa na sharti moja: iwe mpya. Hofu yake inaeleweka, kwani aliyejibana kupata fedha hataki kununua kitu kilichokwisha kuchoka. Posho ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, lile bumu lililopandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa siku 60 ni shilingi 600,000, na humo humo kuna chakula na chumba. Hata hivyo, kwa mwenye fedha kidogo naona sharti hilo ndilo linalomtia hasara. Fedha ileile ikinunua mashine nzuri iliyotumika ofisini, itamfikisha mwanafunzi mbali zaidi.

Kisa chenyewe kimo ndani ya mashine. Ili bei ishuke, watengenezaji wa kompyuta mpya za hali ya chini hubana yale ambayo mnunuzi hayaoni kwa macho: prosesa dhaifu kama Celeron, RAM ya GB 4 ambayo mara nyingi imechomelewa kwenye ubao hivyo haiongezeki, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Windows 11 yenyewe inataka RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 kama kiwango cha chini kabisa. Maana yake ni kwamba mashine inatoka dukani ikiwa imeshafika ukomo wake, kabla mwanafunzi hajafungua hata ukurasa mmoja wa somo. Kwa upande mwingine, kampuni kubwa za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, mara nyingi kwa sababu tu mkataba au dhamana imekwisha. Hupita kwa madalali, nyingi kupitia Dubai, hadi kwenye maduka yetu. HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480, zote za mwaka 2018, zilitengenezwa zifunguliwe na fundi: RAM inatoka, SSD inatoka, betri inabadilishwa. Nchi iliyojenga usafiri wake kwa magari yaliyotumika Japani haina sababu ya kuliogopa wazo hili.

Si kila mtumba unafaa, na hapa ndipo umakini unahitajika kuliko mahali pengine popote. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 nayo, ukiacha mashine chache, haizikubali rasmi prosesa za Intel Core zilizo chini ya kizazi cha nane. Kwa hiyo soma namba: i5-8350U ni kizazi cha nane, i5-7300U ni cha saba, hata kama maganda ya kompyuta hizo mbili yanafanana. Muuzaji akikuonyesha Windows 11 ikiwaka kwenye ile ya saba, ujue inawezekana kuiweka kwa kukwepa ukaguzi, ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho ya usalama. Usishuke chini ya RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256.

Wanaopinga husema mtumba hauna dhamana na betri zake zimekufa. Ni kweli kuhusu betri nyingi, lakini hilo linapimika. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo iliobaki nao. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, bei ya betri nyingine ipunguzwe hapo hapo. Zima mashine, iwashe na uingie BIOS: ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache, kwa kuwa huenda imeibwa au bado imefungwa na kampuni yake ya zamani. Dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa kuirudisha. Duka linalokataa hayo lisipewe fedha ya ada ya mtu.

Wengine husema simu inatosha. Kwa kusoma inatosha, lakini kuandika tasnifu yenye majedwali na marejeo kwenye simu ni adhabu. Pingamizi lenye uzito ni la wanafunzi wa usanifu majengo na uhandisi, ambao programu zao za michoro ya pande tatu huhitaji kadi ya michoro. Mashine nilizozitaja hazitawatosha, na wasidanganywe. Wao watafute mitumba ya daraja la kazi nzito, kama Dell Precision, HP ZBook au ThinkPad za mfululizo wa P, baada ya kuuliza idara ni programu gani inatumika na kuanzia mwaka upi. Idara zikiyaandika hayo kwenye barua ya kujiunga, familia zitanunua mara moja tu.