Sura ya Sita: Aliona au Hakuona?

Ukisimama stejini Nkubu, pale matatu za kwenda Meru na Embu zinapobeba na kushusha abiria, haitachukua muda kabla hujasikia lalama hii: "Nilimsalimia, akaniassume." Hakuna anayeuliza maana yake. Makanga, mama wa ndizi na mwanafunzi wote wanaelewa kuwa aliyesalimiwa alisikia vizuri, kisha akajifanya hakusikia.

Mwingereza akiambiwa "he assumed me" atangoja sentensi iishe. Kwake "assume" ni kulichukulia jambo kuwa kweli kabla ya kulihakikisha: "I assume the market is open", yaani nachukulia kwamba soko limefunguliwa. Hata hivyo, njia iliyolifikisha neno hili kwenye maana yetu si ngumu kuiona. Anayekupuuza huchukulia kwamba hupo. Chukua "assume he is not there", kata mkia, utabaki na "assume him". Kiswahili cha mitaani nacho kimejitengenezea vitenzi vyake vya kazi hiyohiyo. Nairobi vijana husema "amenilenga", ingawa kulenga ni kuelekeza mshale kwenye shabaha. Dar es Salaam ni "amenichunia", au ushauri mfupi: "mpotezee".

Neno la pili linalotatiza ni "ignorant". Kwetu "she is so ignorant" mara nyingi ni lawama kwa mtu anayeringa, asiyejibu simu wala salamu. Katika Kiingereza sanifu, "ignorant" ni mtu asiyejua. Lawama ya maringo inageuka kuwa tusi la ujinga. Chanzo cha mkanganyiko kimo katika historia ya neno lenyewe. "Ignore" lilitoka kwenye Kilatini "ignorare", kutojua, na kwa muda mrefu Waingereza walilitumia kwa maana hiyo. Ni katika karne ya 19 ambapo maana ya kukataa makusudi kutambua jambo ilienea. Kitenzi kikahama, kivumishi kikabaki nyumbani. Mwanafunzi anayeviunganisha anafuata mantiki, lakini lugha haikufuata mantiki hiyo.

Sasa tuingie kwenye kiini cha sura hii. Maneno ya Kiingereza ya kupuuza hutenganishwa na maswali mawili: mhusika aliona? Na je, lilikuwa jukumu lake? Tuyapime katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, kama vilivyo vingi huku Imenti Kusini. Mkulima ameleta magunia matatu ya kahawa mbivu. Karani amepima, lakini risiti inaonyesha magunia mawili.

Ukiandika "the clerk overlooked one bag", umesema gunia lilimpita machoni. Foleni ilikuwa ndefu, jua limezama, hakukusudia. Ukiandika "the clerk ignored one bag", umesema aliliona akaliacha. "The clerk neglected to record one bag" inamkumbusha kwamba kuandika ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya na hakuifanya, iwe kwa uvivu au kwa uzembe. "The clerk disregarded the scale" inasema mizani ilimwonyesha kilo, naye akaamua kutozizingatia. Hasara ya mkulima ni ileile katika sentensi zote nne. Lakini kamati ya ushirika ikisoma barua yenye sentensi ya kwanza itasahihisha risiti, na ikisoma yenye ya pili inaweza kumfukuza mtu kazi.

Uzito wa "neglect" unaonekana pia katika Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya "neglect", yaani kutelekezwa. Waandishi wa Katiba hawakutumia "ignore" hapo, na walikuwa na sababu. Mzazi anaweza kupuuza kilio cha mtoto anayetaka peremende na bado akawa mzazi mwema. Kumtelekeza ni kumnyima anachostahili kupata kwako: chakula, matibabu, ulinzi.

Upo pia msemo "turn a blind eye", ndugu wa karibu wa kufumbia macho. Waingereza huusimulia pamoja na kisa cha Nelson, kamanda wa jeshi lao la majini, katika vita vya Copenhagen mwaka wa 1801. Inasemekana aliweka darubini kwenye jicho lake lisiloona ili asiione ishara ya kumwamuru arudi nyuma. Msemo huu hujibu maswali yetu yote mawili kwa ndiyo: mhusika alijua, na lilikuwa jukumu lake. Ndiyo maana unamfaa sana askari anayeiacha ipite matatu iliyojaza kupita kiasi.

Sarufi nayo ina masharti yake. "Ignore" hufuatwa na kinachopuuzwa moja kwa moja: "ignore the noise", si "ignore about the noise". Wala halifuatwi na kitenzi kingine. "He ignored to pay" tunaisikia kila siku, lakini sanifu ni "he neglected to pay" ikiwa alizembea, au "he refused to pay" ikiwa alikataa.

Stejini, endelea kusema "akaniassume". Neno hilo limeiva, na wenzako wanalielewa. Lakini unapoandika mtihani, barua kwa kamati ya ushirika, au taarifa ya polisi, jiulize kwanza: aliona? Lilikuwa jukumu lake? Usiandike "ignored" juu ya mtu mpaka uwe na hakika kwamba aliona.