Komwe 30 za Bibi Nesi

Komwe 30, zile zile za bao, zimo kwenye sahani ya bati juu ya mkeka. Kila pumzi ikitoka, mkono unahamisha komwe moja kwenda sahani ya pili. Sahani ya kwanza ikimalizika, dakika tano zimepita. Nilipima kwa saa ya simu. Zilizidi sekunde chache tu.

Ndivyo linavyomalizika darasa la yoga la wanawake wachache wa Mbweni, Zanzibar, si mbali na magofu ya St Mary's, skuli ya wamisionari wa UMCA ya mabinti waliokombolewa utumwani. Mwalimu ni muuguzi mstaafu aliyeniomba nisimtaje. Wanafunzi wake wanamwita Bibi Nesi. Kwanza hunyoosha viungo, kanga zimekazwa kiunoni. Sehemu hiyo niliitazama kwa adabu. Komwe ndizo zilizoniteka.

"Unavuta kwa hesabu ya nne, unatoa kwa hesabu ya sita," anasema. "Zinakuwa pumzi sita kwa dakika. Ukitoa haraka unajidanganya mwenyewe, mwanangu, mimi sikudai."

Zamani walihesabu kwa tasbihi. Wawili wakagoma: tasbihi ni ya kumtaja Mungu. "Nikaona wana haki. Marehemu mume wangu alikuwa mcheza bao hasa, kaacha mfuko mzima wa komwe." Mantra, yale maneno ya kurudiarudia, hana, na hataki kuzisikia. Mabishano haya si ya Mbweni peke yake: Baraza la Fatwa la Malaysia liliikataza yoga yenye ibada ndani yake mwaka 2008, na Saudi Arabia ikaitambua kama mchezo mwaka 2017.

Ile tasbihi, hata hivyo, ilikuwa na jambo. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi wa Italia na wenzake waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu watu wazima 23 waliosomeshwa Salamu Maria za rozari kwa Kilatini, kisha mantra. Zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika. Presha ya damu nayo ina mawimbi yake, yanayopanda na kushuka kwa takriban kila sekunde kumi. Pumzi ikienda kwa mwendo huo huo, vihisio vya presha vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua huwa vyepesi zaidi kuurekebisha moyo, na moyo hupunguza kasi kila pumzi inapotoka.

"Kumbe sikupotea sana," Bibi Nesi alicheka nilipomsimulia.

Lakini presha inashuka kweli? Uchambuzi wa majaribio 37 uliotoka mwaka 2014 ulikuta namba ya juu ya presha imeshuka kwa milimita 5 hivi kwa wafanya yoga, wakilinganishwa na wasiofanya mazoezi. Wakilinganishwa na wanaotembea au kukimbia, tofauti haikuonekana. Na India, wagonjwa 3,959 waliotoka kupata shambulio la moyo walifuatiliwa katika hospitali 24: waliofundishwa yoga walirudi kwenye shughuli zao vizuri zaidi, ila vifo na mashambulio mapya havikupungua kwa kiasi cha kutosha kuthibitisha lolote.

Bibi Nesi hakushtuka. "Kidogo ni kidogo. Mimi simwahidi mtu moyo mpya." Mwanafunzi wake mmoja alipoacha vidonge vya presha kwa kuwa alijisikia mzima, alimfungia mlango mpaka aliporudi kliniki. "Vidonge kwanza, komwe baadaye."

Nikamuuliza linalonisumbua hadi leo: kinachosaidia ni pumzi, au ni dakika tano ambazo mwanamke haitwi na mtu?

Alikaa kimya, akikusanya komwe zake. "Hilo sijui. Maana wanaume hizo dakika wanazo barazani miaka yote, na presha wanayo."