Kabla ya mvua kunyesha, tazama gunia lako

Wazungu wana majira yao ya machipuko. Sisi hatuna, lakini mtu aliyewahi kufika Matiliku, kule Nzaui katika Makueni, mwishoni mwa Septemba anajua kwamba hata Ukambani kuna wiki chache za namna hiyo. Udongo ungali mkavu kama majivu, lakini miti imeanza kutoa majani na maembe machanga yananing'inia matawini. Kila boma linajitayarisha kwa mvua za vuli, ambazo kwa mkulima wa huko ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi. Mabati yanagongwa misumari, mifereji inazibuliwa, matangi yanasuguliwa.

Mimi huyaona haya nikiwa juu ya baiskeli. Ninapokuwa huko likizoni hutoka saa saba mchana, kabla ya chakula, nikazunguka nusu saa. Watu hunicheka. Tangu serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, baiskeli imeonekana kuwa chombo cha mtu asiyejiweza, na daktari anayekanyaga pedali huhurumiwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na nusu saa ya baiskeli kwa siku tano inatimiza hesabu hiyo bila kulipa ada ya jimu. Vaa kofia ya kukinga kichwa na ubebe maji. Kama una shinikizo la damu au maradhi ya moyo, usiige saa yangu. Nenda asubuhi jua halijawaka.

Katika mzunguko mmoja wa namna hiyo nilimkuta mama mmoja wa makamo ametoa kila kitu katika ikumbi yake, yaani ghala, ili aifagie. Hilo ni jambo jema. Lakini mahindi ameyamwaga juu ya udongo mtupu, na pembeni palikuwa na rundo dogo lenye punje za rangi ya kijani na nyeusi. Nikasimama, nikamwamkia, kisha nikauliza, "Mwaitu, haya ya pembeni ni ya kutupa?"

"Kutupa, mwanangu? Na njaa hii? Hayo nitayaosha, niyaanike, yasagwe unga wa uji wa watoto. Yakishachemka hayana neno."

Nililaza baiskeli chini, tukaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Mama huyo anaishi katika sehemu ya nchi ambayo haifai kusahau mwaka 2004. Mapema mwaka huo mahindi yalivunwa wakati mvua zisizo za msimu zinanyesha, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa kuwa chakula kilikuwa adimu, watu waliogopa wezi, wakaingiza magunia ndani ya nyumba wanamolala, penye joto na pasipo hewa. Ukungu ukashamiri. Wagonjwa wakaanza kufika hospitalini macho yakiwa manjano, matumbo yamevimba, wakitapika. Kufikia katikati ya Julai wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, wengi wao kutoka wilaya za Makueni na Kitui, na 125 kati yao walikufa. Si mara ya kwanza: mwaka 1981 watu 12 walikufa katika Machakos kwa sababu iyo hiyo.

Sababu yenyewe ni sumu iitwayo aflatoksini, inayotengenezwa na kuvu wa mahindi na njugu. Wingi wake ukiingia mwilini kwa muda mfupi huua ini. Kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari huongezeka maradufu mara nyingi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Hapo ndipo mama yule alipokosea, na ndipo wasomi wengi wa Nairobi wanapokosea pia: moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Kuosha na kuanika huondoa ukungu unaoonekana, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje hubaki. Kumpa kuku au ng'ombe si dawa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Msomaji wa mjini asiseme haya ni ya mashambani. Ni nani kati yetu asiyeletewa gunia kutoka nyumbani kwa basi? Linafika likiwa limelala usiku kucha juu ya paa la gari, tunalisukuma kwenye kona ya jikoni juu ya saruji, kando ya pipa la maji, na hapo linakaa miezi mitatu.

Kuna kipimo cha bure. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi hadi robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayo yana maji mengi. Yaanikwe tena, juu ya turubai wala si ardhini. Yakikauka, yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta, au katika ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ambayo sasa inauzwa madukani. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zenye rangi ya ajabu zichambuliwe kwa mkono na kuzikwa.

Hapa wazee wetu wanastahili sifa. Watafiti wa Kenya waliopima muthokoi mwaka 2008 waligundua kwamba kule kukoboa maganda hupunguza sumu kwa karibu nusu kwa wastani. Lakini katika sampuli nyingine ilipungua kidogo tu, kwa hiyo muthokoi wa mahindi yaliyooza bado ni sumu.

Kuhusu kazi nyingine za msimu nitasema machache. Anayepanda ngazi kuzibua mifereji awe na mtu wa kuishika. Mvunjiko wa nyonga humlaza mzee kwa miezi. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, yana kinyesi cha ndege, na tangi lifunikwe mbu wasizaliane. Unapoondoa rundo la kuni kuukuu tumia fimbo kwanza. Ukiumwa na nyoka usichanje wala usifunge kamba; tulia, usikisogeze kiungo hicho, upelekwe hospitali.

Mama yule hakukubali mara moja. Alisema nikimnyang'anya debe lile nimpe jingine, na haki alikuwa nayo. Tuliafikiana bei. Jioni nililirudia kwa baiskeli, nikalizika nyuma ya choo chetu, huku jamaa zangu wakitazama kwa mshangao. Juma lililofuata, nikiwa nimerudi Nairobi, nilifungua gunia lililokuwa kwenye kona ya jikoni yangu mwenyewe tangu Agosti. Chumvi ilinata.