Je, Wajua? Jumba la Maajabu Lilivyovuka Kipimo cha Boriti

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said mbele ya bahari ya Forodhani mjini Unguja, husifiwa zaidi kwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imeifunika ajabu nyingine ambayo fundi mwashi wa Baraka au Fizi, kwetu Kongo kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, angeiona mapema kuliko mtalii, nayo ni kwamba jumba hilo lilivuka kipimo ambacho wajenzi wa pwani walikuwa wamekitii kwa karne nyingi.

Kipimo hicho kilitokana na boriti, yaani gogo la mkoko linalolazwa kutoka ukuta hadi ukuta ili kubeba dari. Mkoko huota penye maji ya chumvi na mti wake ni mgumu kwa mchwa, lakini gogo lililonyooka, lenye nguvu ya kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa, halipiti sana mita tatu. Kwa hiyo mwenye nyumba aliweza kukirefusha chumba kadiri ya mali yake, ila upana wake uliamuliwa na mti. Ndiyo sababu hata nyumba za matajiri wa Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji lilimo jumba hilo, zina vyumba virefu na vyembamba, na kwa kuwa majahazi yalipeleka boriti hadi Uarabuni, nyumba nyingi za Ghuba zilirithi wembamba huohuo.

Wajenzi wa Barghash hawakuiacha boriti kabisa, wala kuta za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, bali waliongeza mihimili ya chuma, zege, na nguzo za chuma cha kalibu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika umbo lake. Nguzo hizo ndizo zilizowezesha varanda pana kulizunguka jumba na dari kuinuliwa juu kuliko ilivyozoeleka.

Chuma hicho kilileta pia ugonjwa wake. Ukuta wa matumbawe ukipakwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena bila madhara, lakini chuma kinachofikiwa na mvua na hewa ya chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Mhimili uliofichwa ndani ya zege huvimba, hulipasua zege, na ufa huo hukaribisha maji mengine. Jengo la namna hii hudai kukaguliwa kila mwaka na paa kuzibwa kila linapovuja, kwa kuwa ugonjwa huanza mahali pasipoonekana.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga eneo la kasri kwa muda wa dakika kama 40, zikalibomoa jumba jirani la Beit al-Hukm, na Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Katika matengenezo yaliyofuata likaongezewa mnara wa saa. Mwaka 2012 sehemu ya varanda ilianguka, nalo hilo lilikuwa onyo la wazi. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, mnara na sehemu kubwa ya mbele viliporomoka na kuwaua wafanyakazi wawili, ilhali Mji Mkongwe ulikuwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Orodha hutoa heshima, lakini haibadilishi bati wala haizibi ufa.

Kwa nyakati mbalimbali jumba limekuwa kasri la sherehe, ofisi za serikali ya kikoloni, ofisi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, kisha makumbusho yaliyohifadhi hata mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba.

Watu wa ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika wana haki ya kulijadili jumba hilo, kwa kuwa hazina ya masultani ilineemeka kwa pembe za ndovu zilizovushwa ziwa hadi Ujiji na kubebwa mabegani mwa wapagazi na watumwa hadi pwani, katika njia ileile iliyoleta Kiswahili bara. Kongo nayo ina sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali za utamaduni, lakini sheria hufanya kazi pale tu wenyeji wanapojua wana jengo gani na nani analitunza. Inafaa basi wazee, mafundi na viongozi wa Fizi na Baraka wayaandike majengo yao ya kale, ya matofali na ya mawe, na kuanza na swali la fundi: paa lake linavuja wapi?