Msindikizaji Si Mwombaji

Mtu na mkewe wakitembea kwa miguu kando ya ziwa Kivu wakati wa masika, hawaachwi peke yao. Watalii wanaopita njia ya Kongo-Nile, ile ya kilomita 227 kutoka Rubavu mpaka Rusizi, hulilalamikia sana jambo hili. Mtoto anawafuata, mama mwenye jembe begani anawafuata, mzee anaacha kupalilia maharage yake na kwenda nao mpaka mwisho wa shamba. Wao wamekuja miezi ambayo vyumba ni rahisi na fukwe ni tupu, wanataka utulivu, basi hudhani sisi wenyeji tunadai pesa au tunawapeleleza. Nililisikia hilo kwa masikio yangu pale Rubona, kwa mume na mke waliokuwa wametoka Gisenyi kwa miguu, na linaniuma mpaka leo. Wapo watoto wanaoomba, sikatai, na waliowazoesha ni wapitanjia wenye peremende mifukoni. Lakini yule mzee hakuwa akiomba kitu. Alikuwa akiwasindikiza.

Kwetu Busasamana, huku juu kwenye mawe meusi ya volkano na viazi, mgeni haagwi mlangoni. Kumwambia mtu kwaheri ukiwa umesimama kizingitini ni karibu sawa na kumfukuza. Kwanza anakaa. Pombe ya ndizi au ya mtama ikiletwa, mwenye nyumba huionja kabla yake, ili mgeni aone kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Zamani mrija mmoja ulizunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Kampeni za usafi ziliukataza, na kwa magonjwa tuliyoyaona sina ugomvi nazo. Kisha mgeni anaomba njia, anazuiwa, anaomba tena, na hapo nyumba nzima inasimama. Aliyekuja na kikapu harudi nacho kitupu. Mtoto hukibeba na kutangulia, watu wazima wanafuata polepole.

Na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Bibi yangu aliweza kukaa na jirani mchana kutwa wakizungumza mvua na bei ya viazi, halafu walipofika kwenye mikaratusi, jirani akapunguza mwendo na kusema kilichomleta: deni, binti aliyerudi kwao, ugonjwa wa mume. Ndani ya nyumba kuna masikio mengi, na ni vigumu kumtazama usoni mtu unayemwomba. Njiani mnatazama mbele nyote wawili. Aliyeombwa hupata mwendo wa kufikiri kabla ya kujibu, na akikataa, njia panda iko karibu, kila mmoja anashika yake bila fedheha. Mara nyingine mgeni naye alimrudisha mwenyeji nusu ya njia, kwa kuwa neno lilikuwa halijaisha. Nimeziona kesi zilizowashinda wazee zikimalizwa hivyo, baina ya watu wawili kwenye matope.

Salamu nazo zilikuwa na kimo chake. Wazee walipokutana mmoja alimwambia mwenzake "Amashyo", akimtakia makundi ya ng'ombe, na mwenzake akajibu "Amashongore", akimtakia makundi ya majike. Mdogo anapompa mkubwa mkono wa kuume, mkono wa kushoto huushika ule wa kuume kwenye kigasha. 

Mimi na mume wangu nasi hupenda kuteremka ziwani masika, Machi hadi Mei, wakati watu wa Kigali wamerudi makwao na mchanga wa Gisenyi umebaki kwa wenyeji. Mvua ikipasua mawingu jioni, volkano ya Nyiragongo inaonekana ikiwa nyekundu juu ya Goma, na anayeishi hapa haitazami kama pambo. Mei 2021 ilipolipuka, maelfu walivuka mpaka kuja kwetu na vitanda vichwani. Mei 2023 ikawa zamu ya mto Sebeya, ukabeba nyumba na watu usiku. Tunapita pembezoni mwake tukihesabu nyumba ambazo hazipo.

Tunatembea mmoja nyuma ya mwingine, bila kushikana mikono, na najua wageni wanavyotusoma: ndoa baridi, mwanamke nyuma. Njia zetu ni nyembamba. Anayetangulia ndiye anayelowa umande na kuupima utelezi, kisha hutamka "hapa pabaya" bila kugeuka. Mume wangu ameyasema maneno hayo mawili kwa upole kuliko nyimbo zote za mapenzi zinazopigwa redioni.

Tukifika Rubona tunangoja wavuvi. Mashua zao huunganishwa tatu tatu kwa nguzo za mikaratusi, na miti mirefu inachomoza mbele na nyuma kushikilia wavu. Giza likiingia wanapiga makasia wakiimba, mmoja anatoa, wenzake wanaitikia, ili makasia yaingie majini pamoja. Mbele kabisa wanawasha taa za kuwavuta samaki. Samaki hao, sambaza, si wa asili hapa, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na nyimbo zimekua pamoja nao. Wake na mama hushuka nao mpaka ukingoni. Huko nako ni kusindikiza.

Kinachonitia uchungu ni kwamba wasiotuelewa hawatakuwa na cha kutoelewa hivi karibuni. Mgeni sasa anakuja kwa pikipiki, na dereva anamngoja nje injini ikinguruma. Kijana wangu mwenyewe humuaga shangazi yake kwa simu ya kuita pikipiki na kulipa nauli, na anaona ametenda wema. Amelipa kweli, lakini shangazi ameondoka na neno lake kifuani. Pale mpakani, kwenye bariere ndogo iliyokuwa ikipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku kabla ya korona, tulizoea kuwasindikiza ndugu wa Goma mpaka wanapotuonyesha mgongo. Miaka hii ya vita ng'ambo ya mpaka, wengi tunaagana kwa ujumbe wa sauti.

Na sasa kuna nyumba za wageni kando ya ziwa zinazowaambia wanakijiji wakae mbali na watembeaji. Hilo nalipinga. Mwenye nyumba angewaeleza tu wateja wake: mzee akijiunga nanyi, punguzeni mwendo, muulizeni habari za mifugo na mvua, semeni mnakotoka. Hatawafuata mpaka Rusizi. Kwenye mpaka wa shamba lake, au kwenye kijito, atasimama mwenyewe, atawapa mkono, atarudi kwenye jembe. Mfuko msiufungue.