Likizo ya Uzazi Huanzia Kliniki

Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hayalali, na mji wa Tunduma haulali pamoja nayo. Ofisi za mawakala wa forodha, nyumba za wageni, vituo vya mafuta na zahanati huendelea na kazi usiku kucha, na wengi wanaozihudumia ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mmoja wao anapopata ujauzito, swali la likizo huwa la afya kabla ya kuwa la utumishi, nalo linastahili kuulizwa tangu hudhurio la kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Anapaswa kumwarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha cheti cha daktari. Hapo ndipo wengi hukwama: anayeanza kliniki akiwa na miezi 7 tayari amechelewa. Kuwahi kabla ya wiki ya 12 humpatia mama tarehe ya kuaminika zaidi, na tarehe hiyo ndiyo msingi wa mipango yote.

Tuchukue mfano. Mama ambaye siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa Januari 1 hutarajiwa kujifungua Oktoba 8, yaani baada ya siku 280. Taarifa yake impasa iwe imefika kabla ya Julai 8. Sheria inamruhusu kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, Septemba 10. Akifanya hivyo, na mtoto akazaliwa kwa tarehe yake, mama atarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8. Akianza Oktoba 1, atarudi mtoto akiwa na wiki 11.

Hesabu hiyo huwashawishi akina mama wengi kufanya kazi hadi dakika ya mwisho. Inaeleweka, lakini isigeuzwe kuwa kanuni. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso, kutokwa na damu, au mtoto kupunguza kucheza ni dalili za kwenda kituoni siku hiyohiyo. Daktari akithibitisha haja hiyo, likizo inaweza kuanza hata kabla ya wiki 4. Na kwa marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika mwaka 2025, mama aliyejifungua njiti huongezewa muda wa kufidia wiki zilizosalia kufikia 40.

Zamu ya usiku ina ulinzi wake. Mjamzito hapaswi kupangiwa kazi za usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya matarajio, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Baada ya kujifungua, mama asirudi kazini kabla ya wiki 6 isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza. Baba naye ana siku 3 za likizo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, zitumike nyumbani.

Kisha kuna pengo ambalo likizo haiwezi kuliziba. Mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na chanjo zake ni za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 14 ni siku ya 98. Likizo itakuwa imekwisha. Kwa hiyo mama aombe mapema ruhusa ya siku hiyo, na adai saa zisizozidi 2 kwa siku za kunyonyesha, ambazo ni haki yake kisheria. Wiki mbili kabla ya kurudi, ajizoeze kukamua maziwa kwa mikono safi. Maziwa hayo hukaa salama kwa saa 4 mahali penye ubaridi wa kawaida, na hadi siku 4 kwenye jokofu. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe.

Lakini mchuuzi wa mpakani na mkulima wa kahawa wa Mbozi hawana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yao hutoka katika akiba: fungu la kila wiki kwenye kikundi cha VICOBA tangu mimba changa, ndugu anayejifunza biashara mapema, na makubaliano na mume kuhusu wiki 6 za kwanza.

Mtoa huduma, unapomwandikia mama tarehe ya matarajio kwenye kadi, muulize anafanya kazi gani, ana zamu ya usiku au la, na nani atabaki na mtoto. Kisha mhesabie tarehe ya kutoa taarifa na uiandike chini yake. Haichukui dakika 5, nayo yaweza kumwokolea mtoto miezi ya kunyonya.