Jina ‘i7’ pekee si kipimo cha prosesa

KATIKA maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi, vipakatalishi vilivyotumika ng’ambo hunadiwa kwa herufi na tarakimu moja tu: i5 au i7. Mnunuzi, aghalabu mwanafunzi au mzazi aliyejinyima mengi, huamini kuwa i7 ni bora daima, naye huongeza fedha. Imani hiyo yaweza kumtia hasarani.

Chukua prosesa mbili za Intel. i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili na kasi ya msingi ya gigahatsi 2.7. i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne, japo kasi yake ya msingi ni 1.6 pekee. Kwa kutazama karatasi, i7 imeshinda. Hata hivyo, kazi inapozidi, i7 hiyo hupanda hadi 3.5 na i5 hadi 3.4, tofauti isiyo na uzito. Anayeandika barua tu hataona kitu. Lakini anayefungua kurasa nyingi za intaneti huku mkutano wa Zoom ukiendelea atanufaika na vile viini vinne. Siku ya arusi, wapishi wawili hodari hawawezi kufanya kazi ya wanne.

Tarakimu inayofuata kistari ndiyo hufichua kizazi: 7500U ni ya kizazi cha saba, 8250U cha nane. Kuanzia cha 10 husomwa tarakimu mbili, hivyo 1135G7 ni ya kizazi cha 11.

Kizazi hicho cha nane ni mpaka muhimu. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, kwa kawaida haikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi hicho, na Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine ya zamani haifi (Linux huifaa sana), ila wengi hawako tayari kujifunza upya.

Tuseme basi mashine ya Sh20,000 itamfaa mwenyewe miaka miwili, na ya Sh28,000 miaka minne. Ya kwanza inamgharimu Sh10,000 kwa mwaka, ya pili Sh7,000. Rahisi ndiyo ghali hapo.

Anayekwenda Westlands kununua kipya naye asilevywe na kasha. Celeron yenye viini viwili, hata ikiwa mpya kabisa, huweza kuachwa nyuma na i5 iliyotumika.

Kumbukumbu na diski mara nyingi huongezwa baadaye; prosesa ya kipakatalishi cha aina hii imelehemiwa kwenye bodi, haibadilishwi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe mashine iwashwe, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue sehemu ya ‘Performance’. Jina kamili la prosesa na idadi ya viini vitaonekana hapo, hata kama kibandiko cha nje kinasema mengine.